Dakika Moja ya Jasenov Do

Jasenov Do, 18 Septemba 1977

Mdogo wangu Radoman,

Nakusalimu wewe, mkeo Desanka na binti yenu Ksenija, na natumaini barua hii inawakuta wazima. Sisi huku tuko salama. Nyasi tumezikata na kuzipanga kabla ya mvua, viazi ni vingi mwaka huu ila vidogo, na ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe puani. Plamu zimeiva zote kwa mara moja, kwa hiyo kila nyumba inatoa moshi wa kupikia pombe ya rakia, na wanaume wanaonja zaidi ya wanavyopika. Babu Miladin wa nyumba ya juu bado yupo. Ana miaka themanini na tatu na bado humwuliza kila mgeni ni mtoto wa nani kabla ya kumwambia keti. Jirani yangu Gospava anakusalimu. Anasema nikuulize kama huko Belgrade bado mnauziwa maziwa kwenye chupa au mmeshapata akili.

Mimi bado navaa nyeusi. Mwaka mmoja tangu mume wangu Vukota afariki utatimia tarehe kumi na moja Desemba, lakini sidhani kama nitaivua hata baada ya hapo. Asubuhi bado nakata vipande viwili vya mkate. Halafu nakumbuka. Kile cha pili nakila mchana.

Sasa neno lenyewe. Unajua kwamba reli inapita bondeni, chini ya nyumba yetu, tangu Mei ya mwaka jana. Unajua pia kwamba tuna jukwaa. Mawe yake Vukota na wenzake waliyabeba kwa mikono majira mawili ya joto, na kibanda cha kusubiria tulikipaka chokaa sisi wanawake. Kibao cha jina kipo, herufi zake nzuri, mtu anazisoma hata akiwa mbali. Kinachokosekana ni treni kusimama. Zinapita nne kwa siku. Abiria wanatupungia mikono nasi tunawapungia, kana kwamba hilo ndilo tuliloliomba.

Kupanda treni lazima twende Trnovac, kilomita kumi na tisa, na theluji ikianguka barabara hufungwa kwa wiki nzima. Watoto wa sekondari wanapanga vyumba huko kama watu wazima. Mwenye jibini ya kuuza anaila mwenyewe. Mgonjwa anasubiri.

Wewe unakaa kwenye ofisi inayopanga saa za treni. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke, na hiki nacho si changu peke yangu. Tupatie dakika moja kwa siku, kwa nyumba sitini na nne.

Dada yako anayekukumbuka,
Stamena


Belgrade, 30 Oktoba 1977

Dada yangu Stamena,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Sisi ni wazima. Desanka alisumbuliwa na jino, sasa limeng'olewa. Ksenija ameingia mwaka wa pili wa masomo ya ufamasia na amekuwa mrefu kunizidi. Nimekutumia kwa posta kilo moja ya kahawa na soksi nyeusi za sufi. Mwambie Gospava kwamba maziwa bado ni ya chupa na akili bado hatujapata.

Kuhusu treni, nitakueleza kama nilivyoeleza wengine walioandika kabla yako. Dakika moja si dakika moja. Treni inaanza kupunguza mwendo mapema, inasimama, halafu inapanda mlima ikitafuta mwendo wake upya. Jumla ni dakika nne. Njia ni moja tu, na treni zinazotoka pande mbili zinapishana Trnovac. Hii ikichelewa nne, ile nayo inasubiri nne, na kuchelewa huko kunafika hadi mwisho wa reli, baharini. Kuna kanuni, dada. Jambo hili haliko mikononi mwangu.

Nina swali ambalo nimelibeba tangu mwaka jana. Telegramu ilisema tu kwamba Vukota amefariki na siku ya maziko. Hakuna aliyeniandikia aliondokaje. Ukipata nafasi, niambie.

Ndugu yako,
Radoman


Jasenov Do, 27 Novemba 1977

Mdogo wangu,

Kahawa imefika, soksi zimefika, asante. Kahawa niliinywa na Gospava siku hiyohiyo. Alisema ni nzuri, halafu akasema kwa ndugu wa ofisini alitegemea kilo mbili. Theluji imeanza kwenye vilele lakini bondeni bado. Ndama ana afya. Babu Miladin aliteleza kwenye ngazi, akaumia nyonga na kiburi, nyonga imepona.

Barua yako niliisoma mbele ya watu, kwenye mkutano shuleni, maana nilifikiri ni haki yao. Nilipofika kwenye zile dakika nne, Tomaš, mwenyekiti wetu, alikuna kidevu. Gospava akasimama.

"Stamena, ndugu yako anapanga treni kwa kitu gani? Kwa kompyuta?"

"Kwa penseli na karatasi ndefu," nikamjibu. "Aliwahi kunieleza."

"Kwa penseli! Na kifutio hana?"

Watu walicheka mpaka mwalimu akafungua dirisha. Usikasirike. Waliokucheka ndio hao waliokubeba mabegani ulipofaulu kwenda chuo.

Vukota hakuwahi kukusema vibaya, nataka ulijue hilo. Treni zilipoanza kupita alikuwa akitoka na saa yake ya mfukoni kuzipima. Aliandika kwa chaki mlangoni mwa ghala: imewahi, imechelewa moja, imefika sawa. Ikifika sawa aliingia ndani akijisifu kana kwamba ameiendesha yeye. "Kazi ya Radoman," alikuwa akisema. Ile chaki sijaifuta.

Kumbukumbu ya mwaka tunaifanya Jumapili ya tarehe kumi na moja. Nitachemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, padri atatoka Trnovac kama barabara itakuwa wazi. Najua una kazi nyingi.

Nimehesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Watoto wa sekondari kumi na moja. Wanaume watano wanaofanya kazi kiwanda cha mbao Trnovac na kurudi nyumbani Jumamosi tu. Wanawake wenye jibini na malai, sita au saba, kila siku ya soko. Hawa wote wataingia kwenye treni ikisimama. Waambie hivyo wenye kanuni.

Stamena


Belgrade, 12 Januari 1978

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote. Tulikula kabichi iliyochacha na nyama ya moshi kama mama alivyokuwa akifanya, ingawa Desanka huifanya laini mno. Ksenija anafanya mitihani.

Hukujibu swali langu. Sitalirudia leo.

Nina habari, na ukae kabla ya kuisoma. Nilipeleka hesabu yako kwa mkuu wangu, watoto, mbao, jibini na yote. Aliisoma mara mbili. Kuanzia tarehe mosi Machi mpaka mwisho wa Aprili, treni ya saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi itasimama Jasenov Do, na ile ya saa tisa na dakika arobaini mchana itasimama ikirudi. Ni majaribio. Kondakta ataandika kila asubuhi idadi ya waliopanda. Wastani wa miezi miwili ukifika kumi na wawili, jina lenu linaingia kwenye ratiba ya kiangazi na litabaki humo. Ukipungua kumi na wawili, linatoka, na hakuna atakayelifungua tena faili hilo nikiwa hai.

Itasimama dakika moja, dada. Sekunde sitini. Milango miwili itafunguliwa. Waeleze watu vizuri, wakae tayari.

Wako,
Radoman


Jasenov Do, 5 Machi 1978

Mdogo wangu Radoman,

Salamu kwenu nyote. Sisi tu wazima wa mwili. Naandika haya nikiwa na aibu kidogo, na kicheko kidogo ambacho bado sijakiruhusu kitoke.

Tarehe mosi tulikuwa jukwaani saa kumi na mbili na nusu, watu sitini. Wanaume wamevaa suti za harusi. Theluji ilikuwa imefagiliwa mpaka jiwe linang'aa. Mimi nilisimama nyuma ukutani na nguo zangu nyeusi, maana siku ya furaha mfiwa hatangulii. Treni ikatokea darajani, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mwanamume mmoja akalia waziwazi, sitamtaja. Mlango ukafunguka, kondakta kijana akashuka, akasema, "Habari za asubuhi, karibuni."

Tomaš akamgeukia Babu Miladin. "Babu, tangulia. Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi niko kwetu," akajibu Miladin. "Mwenye nyumba hatangulii. Atangulie mwalimu, yeye ni mgeni."

"Mgeni?" mwalimu akasema. "Nimekaa hapa miaka kumi na tisa!"

"Ulizaliwa hapa?"

"Hapana."

"Basi tangulia."

"Siwezi kukupita wewe, mzee wangu, hata ukinifukuza."

"Jamani, pandeni," kondakta akasema.

Miladin akamtazama kwa makini. "Na wewe, kijana, ni mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Savo, wa Lipovica."

"Savo yupi? Yule wa mguu mmoja?"

"Huyo ni baba mdogo, binamu yake baba. Baba yangu ni yule aliyekuwa na kinu."

"Wa kinu! Mimi na babu yako tulilisha kondoo mlima mmoja. Nyinyi ni watu wetu kabisa! Tomaš, leta rakia."

Tomaš akaleta chupa. Kondakta angewezaje kumkatalia mzee aliyelisha kondoo na babu yake? Alikuwa bado na kikombe mkononi filimbi ilipolia. Akaruka ngazini, treni ikaondoka, naye akiwa ananing'inia mlangoni akitueleza kwa sauti baba mdogo alioa wapi. Tukasimama. Sitini sisi, hakuna aliyepanda. Gospava peke yake ndiye aliyesema kitu. Alisema, "Angalau tumepata ndugu."

Tarehe mbili Tomaš alikuja na orodha, nani afuate nani. Ukoo wake ulikuwa juu. Koo mbili zikageuka zikarudi nyumbani, na walio kwenye orodha wakabaki wakisubirishana kwa sababu hakuna aliyetaka aonekane amefaidi ugomvi. Sifuri tena. Tarehe tatu kina mama waliwasukuma watoto watano mlangoni kama wanavyoingiza kondoo zizini. Jana walikuwa wanne.

Najua utakavyosema. Lakini unawajua watu wako. Kwenye mlango wa nyumba wanaweza kubembelezana robo saa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mlango unaweza kuondoka.

Tutafanya kitu. Bado sijui nini.

Stamena


Belgrade, 14 Machi 1978

Dada,

Karatasi za kondakta zinafika mezani kwangu kila Jumatatu. Sifuri, sifuri, watano, wanne. Mkuu wangu alizisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Akasema, "Radoman, watu wako wamepewa walichokitaka, wamesimama wanakitazama." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nimekuwa na uchungu mdomoni wiki nzima.

Sasa nitakuambia kitu, kwa sababu nikikaa nacho zaidi kitaoza ndani yangu. Katika rasimu ya kwanza ya ratiba, kabla reli haijafunguliwa, Jasenov Do ilikuwemo. Asubuhi na mchana. Aliyeifuta ni mimi. Hakuna aliyeniamuru. Walitafuta dakika nne mahali popote kwenye njia ile, na niliona macho ya wenzangu yakinitazama, mtu wa milimani, je, atalinda kijiji chake? Nikachukua kifutio kabla hawajauliza. Nilitaka waseme Radoman hana upendeleo. Na kweli walisema hivyo. Mwaka uleule nilipandishwa cheo.

Desemba ikaja telegramu yako. Nilisafiri, dada. Hukujua. Nilikuwa kwenye ile ya asubuhi siku ya maziko. Tulipofika darajani nilisimama dirishani na nikawaona wote mmevaa nyeusi kilimani, juu ya theluji. Niliona jeneza. Sikukuona wewe, mlikuwa wengi na treni ilikuwa na mwendo mzuri. Haikusimama. Nilishuka Trnovac, barabara imefungwa, hata farasi hawapiti. Nilikaa kwenye benchi la stesheni mpaka mchana, nikapanda ile ya kurudi, nikapita tena chini yenu. Kilimani hapakuwa na mtu.

Sijui unatakiwa kunijibu nini. Lakini nakuomba, usiache stesheni ife kwa sababu yangu.

Radoman


Belgrade, 10 Aprili 1978

Dada yangu Stamena,

Ni wiki nne sijapata barua yako. Sikulaumu.

Ila karatasi zinafika. Kuanzia tarehe ishirini Machi imeandikwa ishirini na watatu. Kesho yake ishirini na mmoja. Ishirini na sita siku ya soko. Nikadhani kondakta amelewa rakia yenu, nikamwuliza kwa simu. Akasema ni sahihi, na kwamba wanapanda kwa sekunde arobaini, kimya, hajapata kuona kitu kama hicho kwenye njia nzima. Nilipomwuliza wamefanyaje, akasema, "Mzee, bora uwaulize wenyewe. Mimi huwa navua kofia."

Huniandikii, lakini kila Jumatatu nasoma namba hizo kama barua kutoka kwako. Nimezinakili kwenye daftari. Mmefanyaje?

Radoman


Jasenov Do, 23 Aprili 1978

Mdogo wangu,

Nakusalimu, nawasalimu Desanka na Ksenija. Theluji imebaki vivulini tu. Ndama ameanza kula nyasi. Nimepanda vitunguu.

Barua yako ya Machi niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya sanduku la unga. Kwa siku tatu nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nilipaka chokaa banda la kuku ndani na nje, na lilikuwa halihitaji. Siku ya nne nikachoka.

Uliniuliza Vukota aliondokaje. Nitakuambia sasa, mara moja.

Yalikuwa mapafu. Siku ya tano hakuweza kulala chali. Theluji ilifika kiunoni, kwa hiyo tulimlaza kwenye sleji ya kuni, tukamfunika mablanketi manne na ngozi ya kondoo, na wanaume sita wakaivuta kwenda Trnovac. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Tulipofika kilomita ya nne, pale barabara inapokwenda sambamba na reli, treni ilitupita. Dirishani mwanamke alikuwa anamenya tofaa. Vukota akaomba saa yake. Nikamshikia mbele ya macho. Akasema, "Imechelewa dakika mbili." Halafu akauliza ni nani wanaovuta mbele, maana aliogopa wamegombana nani atangulie. Nikamwambia hakuna aliyegombana. Kwenye kilomita ya saba niliona mkono wake hauniminyi tena.

Ndiyo hivyo. Sikukuandikia kwa sababu hukuuliza mapema, na ulipouliza nilitaka kwanza treni isimame. Niliogopa ukijua utanionea huruma, na mimi nilitaka unipe dakika, sikutaka huruma.

Ulifuta jina letu ili watu wasiseme unawapendelea watu wako. Vukota angekuelewa. Alikuwa akiwapa majirani kuni kavu, sisi tunachoma mbichi, tunatokwa machozi. Mimi bado sijakuelewa, lakini nimeacha kukasirika, na naona hilo linatosha kwa Aprili. Kwamba ulikuja siku ile, nimelifikiria sana. Nilisikia treni tukiwa kaburini. Padri hakuweza kufika, tulisali wenyewe, na sala tuliisimamisha mpaka ipite.

Sasa stesheni. Jumapili ya tarehe kumi na tisa Machi nilikuwa nimekaa na Gospava, tunachambua maharage. Nikamwambia, "Hawa watu hawajui kufuatana?"

Akasema, "Wanajua. Kwenye maziko wanafuatana vizuri tu."

Nikaacha maharage. Alikuwa amesema kweli. Jeneza likitoka, mjane ndiye anayefuata, na nyuma yake kila mtu anaingia alipo. Hakuna anayemwambia mwenzake tangulia, hakuna anayeuliza ukoo gani uko juu. Tumezika watu mamia hapa na sijawahi kusikia ubishi hata mmoja.

Jumatatu nilivaa nyeusi yangu nzuri na kitambaa kikubwa. Nilisimama mbele kabisa, ukingoni mwa jukwaa, mikono nimefumbata. Miladin akaanza, "Stamena, mwanangu, kwa nini uko—" Treni ikasimama, mlango ukafunguka, nikapanda. Sikutazama nyuma. Nilisikia viatu tu. Walikuja, Radoman. Walikuja mmoja mmoja, kimya, wanaume wameshika kofia mikononi kwa mazoea. Tomaš alijikuta nyuma ya mtu wa ukoo asiosalimiana nao na hakusema neno. Miladin alinyanyuliwa na watu wawili kama mshumaa.

Kondakta akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Amefariki nani?"

Gospava alikuwa nyuma yangu. "Hajafa mtu, mwanangu. Sogea, unaziba mlango."

Wote walikuwa ndani na sekunde zilibaki. Hakuna aliyejua la kufanya na sekunde zile. Treni ilipoanza kutembea, wakaanza kucheka behewa zima, wakacheka mpaka Trnovac. Mimi nilikaa dirishani. Niliiona nyumba yangu kutoka ndani ya treni, kwa mara ya kwanza maishani. Ni ndogo, na paa linahitaji mbao tatu upande wa kaskazini. Nisingejua.

Siwezi kupanda kila asubuhi, nina ng'ombe. Lakini kijiji hiki kina wajane kumi na mmoja. Tumepanga zamu. Mimi Jumatatu na siku ya soko, Gospava Jumanne, na kuendelea hivyo. Gospava anasema ameishi na ujane miaka kumi na minne na sasa ndipo umempatia cheo. Jumatano ni zamu ya Krstinja, ambaye hajatoka nyumbani tangu mumewe afe. Tulidhani atakataa. Alifika kabla ya wote, akatuuliza kwa nini tumechelewa.

Bado wiki moja. Tukipanda hivi hivi, hesabu yangu inatupa kumi na saba. Ya kwako?

Stamena


Belgrade, 28 Mei 1978

Dada yangu Stamena,

Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima na vitunguu vimeota. Sisi ni wazima. Ksenija amefaulu.

Ya kwangu ilinipa kumi na saba na nusu. Mkuu alitaka kujua mbinu. Nikamweleza. Karani mkongwe, mama mmoja ambaye mwaka jana alimzika mumewe, akasema, "Waandikeni."

Nimeambatanisha ukurasa wa ratiba ya kiangazi, ulioanza kutumika leo. Jina liko kati ya Lipovica na Trnovac. Ule mstari niliuchora mimi, kwa wino.

Niliyokuandikia Machi nilimweleza mkuu wangu pia. Alisema alijua siku zote, kwa sababu ni yeye aliyenipa kifutio. Nikarudi mezani.

Nina ombi, na ukikataa nitaelewa. Jumamosi ya tarehe kumi na saba Juni nina likizo. Ningependa kuja, kama utaniruhusu. Niandikie kama itakuwa sawa na nani atakuja kunipokea, maana sijafika miaka saba na sitaki kuwashtua watu.

Ndugu yako,
Radoman


Jasenov Do, 8 Juni 1978

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima na tuna haraka. Ni wakati wa kukata nyasi, mvua inatishia kutoka magharibi, kwa hiyo barua hii itakuwa fupi.

Ukurasa wa ratiba umebandikwa kibandani, chini ya kioo. Babu Miladin huletwa kila jioni kuusoma. Hawezi kusoma herufi ndogo hizo lakini anajua mstari wetu uko wapi, anauwekea kidole na kuwauliza wanaopita kama umesogea. Watoto wanalala kwao sasa. Yule mtoto wa Savo wa kinu ameposa Lipovica, ameshatualika. Zamu za wajane tumezivunja, watu wamejifunza, wanaingia tu. Gospava alisikitika siku mbili.

Nikueleze ya leo asubuhi, kisha nirudi shambani.

Tulikuwa kwenye mteremko juu ya reli, kijiji kizima, wenye mafyekeo mbele na wenye reki nyuma. Treni ya saa moja na dakika kumi na mbili ikaja. Hakuna aliyekuwa jukwaani. Watoto wamefunga shule, wenye jibini walikuwa na reki mikononi, wafanyakazi wa mbao wamechukua ruhusa kwa ajili ya nyasi. Nikaogopa. Nikajisemea, hakuna mtu, itapita. Ikapunguza mwendo. Ikasimama. Milango ikafunguka, kondakta akashuka, akatazama huku, akatazama kule, akaunyoosha mgongo wake kwenye jua. Dakika nzima. Kisha akapanda, milango ikafungwa, ikaenda.

Nikatazama watu wote pale mteremkoni. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Tomaš alikuwa anamgombeza mtu kuhusu kunoa fyekeo. Nilisimama peke yangu na reki yangu nikitazama jukwaa tupu, nikaona kazi ya stesheni imekwisha, nikaendelea kukusanya nyasi.

Unaomba ruhusa ya kuja kwenu. Hiyo siijibu, maana haijibiki. Unauliza nani atakupokea. Hakuna, Radoman. Jumamosi hiyo kama jua lipo tutakuwa mteremkoni, na kama mvua ipo tutakuwa ghalani. Kaburi la Vukota liko kushoto ukitoka jukwaani, jiwe jeupe, nenda kwanza huko peke yako, ukae unavyotaka. Halafu njoo utafute reki. Treni itasimama. Shuka tu.

Stamena